Kengele ya mlangoni inayopiga wimbo kwa swichi ya ngoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina kibanda cha kusuka mota na kutengeneza vyombo vya umeme hapa Mbeya, si mbali na soko la Mwanjelwa. Ukutani nimetundika kengele ya mabomba manne. Mtu akija kuchukua pasi au feni yake lazima abonyeze kile kitufe, na akishabonyeza hatoki bila kuuliza. Nimechoka kujibu kwa mdomo huku nimeshika waya wa moto, kwa hiyo majibu ni haya hapa.

Fundi, hiki kidude ni nini hasa?

Ni swichi nyingi zilizopangwa mstari, zikiwashwa kwa zamu na ngoma inayozunguka taratibu. Kila swichi ina koili yake, yaani waya uliosukwa unaokuwa sumaku ukipata umeme, na kila koili ina kiini cha chuma kinachoruka kwenda kugonga bomba moja. Ngoma ikimaliza mzunguko, wimbo umekwisha. Hakuna spika, hakuna chipu, hakuna sauti iliyorekodiwa. Unachosikia ni bomba lenyewe linalia.

Umebuni mwenyewe?

Hapana. Visanduku vya muziki vya Uswisi vilikuwa na silinda yenye pini tangu karne ya 18 ikielekea mwisho. Tofauti ni kwamba pini zao zinakwangua meno ya chuma, za kwangu zinafunga umeme. Marekani kampuni ya NuTone ya Cincinnati, iliyoanza mwaka 1936, iliuza sana kengele za mlangoni za muziki, mabomba marefu yakining'inia ukutani. Mimi nimebadilisha malighafi tu: bomba la choo, waya wa nyumba na fimbo za pazia.

Kwa nini nisinunue ile ya chipu? Ni rahisi zaidi.

Nunua. Ile ya chipu ya UM66, yenye miguu mitatu kama transista, ni ya bei ya chini na inaimba vizuri kiasi chake. Ila ikifa, imekufa. Hii yangu ikinyamaza unafungua kifuniko, unazungusha ngoma kwa mkono, na macho yanakuonyesha pale ilipokataa. Nyingi za chipu zinazoletwa kwangu huja baada ya radi za Machi na Aprili, na jibu langu huwa moja tu.

Sisi tuna hodi. Kengele ya nini?

Hodi ilitosha wakati mlango ulikuwa hatua tatu kutoka njiani. Leo umejenga ukuta, umeweka geti la chuma, mbwa yuko katikati, na mvua inapiga bati. Piga hodi mpaka sauti ikukauke.

Ngoma inajuaje noti gani ipigwe na lini?

Hapa ndipo penye utamu, na wanakwaya wananielewa haraka kuliko mafundi wenzangu. Chukua ule mlio wa saa wa Westminster ambao kila mtu anaufahamu. Haukuanzia London, ulitungwa kwa ajili ya kanisa la Great St Mary's mjini Cambridge mwaka 1793, na saa ya Westminster ikauchukua mwaka 1859. Unatumia noti nne tu. Kwa solfa, ambapo d ni do, r ni re, m ni mi na s ni so, saa kamili unakwenda hivi:

d m r s, – d r m d – m d r s, – s, r m d

Yule s mwenye alama chini ni so ya chini. Hesabu: do inapigwa mara tano, re mara nne, mi mara nne, so mara tatu. Jumla 16. Sasa lifikirie karatasi la solfa limeviringwa kwenye bomba. Kila noti imepewa njia yake kuzunguka ngoma: do njia ya kwanza, re ya pili, na kuendelea. Pale do inapotakiwa kulia, kwenye njia ya do unaweka pini. Zikitakiwa noti mbili kwa pamoja, pini mbili zinakaa usawa mmoja. Muda unakuwa umbali. Ukitaka noti ikawie, isogeze pini yake mbali kidogo na iliyoitangulia.

Mwalimu mmoja wa kwaya alisimama akiitazama ngoma ile inazunguka, akaanza kuimba kabla mabomba hayajalia. Alikuwa anasoma pini.

Ngoma unaitengenezaje?

Kipande cha bomba la PVC la inchi 4, ambalo kwa nje lina milimita 110. Mzingo wake ni karibu milimita 346. Naugawanya sehemu 24, kila moja inakuwa na milimita 14.4. Mota yangu inazunguka mara 2.5 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni sekunde 24, kwa hiyo kila sehemu ni sekunde moja. Noti 16, pumziko moja baada ya kila kundi la noti nne, hapo umetumia sehemu 20. Nne zilizobaki ni za kuanzia na kupumzikia.

Pini ni waya wa nyumba wa kopa wa 1.5 (milimita za mraba), ule wa uzi mmoja. Una unene wa karibu milimita 1.4. Ngoma inatembea milimita 14.4 kwa sekunde, basi pini inapita chini ya ulimi, kile kibati kinachoigusa na kufunga umeme wa koili, kwa muda wa sekunde 0.1 hivi. Huo ndio muda koili inaouhitaji: irushe kiini, iache. Nilianza na waya wa 2.5 nikidhani mnene ni bora, na kila noti ikawa inatoka butu kama mtu anagonga bomba halafu analishika. Kiini kilikuwa hakirudi upesi.

Toboa tundu, pitisha waya, ndani uupinde na kuukunja kwenye waya mtupu unaounganisha pini zote hadi kwenye ekseli. Risasi ya kuchomea iguse haraka na kuondoka, PVC inayeyuka. Nje kichwa cha pini kichomoze nusu milimita tu. Kikizidi kinakwaruza ndimi. Kikiwa sawa na plastiki, vumbi la PVC linapakaa juu yake na noti inakuwa bubu.

Ndimi ni vile vibati vya springi vya kwenye relei mbovu, zile swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Usitupe relei mbovu.

Wimbo unasimamaje wenyewe?

Kuna njia ya tano isiyo na pini. Ni ukanda wa kopa unaozunguka ngoma karibu yote, ukiacha pengo la milimita 4. Umeme wa mota unapita kwenye ukanda huo. Ulimi ukifika kwenye pengo, mota inazimika. Kitufe cha getini kazi yake ni kuruka pengo: ukibonyeza, mota inasogea, ulimi unapanda ukanda, na hata ukiachia, ngoma inaendelea mpaka irudi pengoni. Wiper za gari zinajua kurudi chini baada ya kuzimwa kwa ujanja huohuo.

Mbona pengo ni dogo hivyo? Milimita 4 ni chini kidogo ya theluthi ya sekunde. La kwanza nililiacha milimita 10, na watoto wa mtaani wanaobonyeza na kukimbia wakawa hawalifikishi ng'ambo. Mimi nilifurahi, ila wao wakawa wanarudi kubonyeza tena.

Mabomba nikate urefu gani?

Tumia bomba la aina moja, unene mmoja, kipenyo kimoja. Fimbo za pazia za chuma zinafaa, alumini inafaa pia. Kama so ya chini ni sentimita 60, basi do ni 51.9, re ni 49.0, na mi ni 46.3.

Wapiga gitaa hukosea hapa. Kwenye waya wa gitaa, ukikata urefu nusu, sauti inapanda okteva moja. Bomba linaloning'inia ni tofauti, nusu ya urefu inapandisha okteva mbili. Ndiyo maana kati ya so na do tofauti ni sentimita nane tu.

Anza kukata lile refu zaidi. Ukilikosea kwa kulifupisha mno, halijapotea, litakuwa do. Ukikosea do, itakuwa re. Aliyeanza na mi na akaiharibu amenunua fimbo nyingine. Kata likiwa refu kwa milimita mbili tatu, halafu maliza kwa tupa huku mwenzako mwenye masikio, au programu ya simu ya kupimia noti, anakuambia simama.

Nimekata vizuri lakini bomba linasema "ko" halafu linanyamaza.

Umelitundika mahali pabaya. Bomba likilia linatikisika katikati na kwenye ncha, ila kuna sehemu mbili zinazotulia: asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha. Kwa bomba la sentimita 60 ni sentimita 13.4. Toboa hapo, pitisha uzi wa nailoni. Ukitaka kuona kwa macho, tafuta chuma bapa, kilaze juu ya vipande viwili vya sponji, nyunyiza chumvi juu yake na ugonge katikati. Chumvi itakimbilia kwenye sehemu zilizotulia na kujipanga mistari.

Kama umetundika sawa na bado linakata sauti, basi kiini cha koili kinaegemea bomba. Kizuizi kikisimamishe milimita 2 kabla ya bomba, kile kipande cha mwisho kiruke kwa kasi yake. Ncha ivishe ngozi ya mkanda mkuukuu. Chuma kwa chuma kinatoa mlio wa sufuria.

Koili napata wapi?

Suka. Waya wa kusukia wa milimita 0.5, mita 68, unakupa omu 6. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 2. Kibobini chenye kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 40 kitameza raundi 1,090 hivi, tabaka 15. Mafundi wa kusuka mota wana masalia ya waya huo. Vile vimota vya kufungia milango ya gari nimevijaribu: havigongi, vinasukuma.

Angalizo: ampea 2 kwa volti 12 ni wati 24. Kwa sekunde 0.1 koili haihisi kitu. Ngoma ikikwama pini ikiwa chini ya ulimi, dakika chache tu utasikia harufu ya vanishi. Weka fyuzi, na njia ya koili ipitie kapasita: kapasita inajaa polepole kupitia rezista, pini inaimwaga kwenye koili mara moja. Hata ngoma ikikwama, koili haipati umeme wa kutosha kuungua.

Ndimi zangu zinatoa cheche na kuwa nyeusi.

Koili ikikatiwa umeme ghafla inarudisha volti kubwa, ndiyo cheche hiyo. Weka dayodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila koili, mstari wa kijivu uelekee chanya. Ukiigeuza, fyuzi itakuambia. Kama unatumia transfoma isiyo na dayodi za kunyoosha umeme, 1N4007 haifai. Tumia rezista ya omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1, zikifuatana, kando ya ulimi.

Geti langu liko mbali, mita 40. Itafika?

Aliyeuliza hili alipiga simu kutoka Iringa, akaanza na "Kamwene" kabla sijajua anatafuta nini. Sanduku la ngoma alikuwa ameliweka getini pamoja na betri, mabomba yako sebuleni. Tuhesabu: kwenda na kurudi mita 80 za waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 ni karibu omu 2.8. Koili yake ina omu 6. Ampea 2 zinashuka hadi 1.4, na nguvu ya kugonga inabaki nusu tu. Wimbo wake ulikuwa unanong'ona.

Geuza mambo. Betri, ngoma na koili vikae pamoja ndani. Getini peleka kitufe tu. Njia ya kitufe inabeba umeme wa mota peke yake, kwangu ni ampea 0.2, na upungufu njiani ni nusu volti na kitu. Mota haitajua.

Umeme ukikatika wimbo ukiwa katikati?

Hili nimelipata nyumbani kwangu. Ile ya kwanza ilikuwa inakula umeme wa ukutani kupitia adapta. Jioni moja mwanangu alibonyeza kitufe, noti ya kumi na mbili ikalia, nyumba ikazama gizani. Ngoma ikabaki hapohapo, ulimi ukiwa juu ya ukanda wa kopa. Umeme ulirudi saa nane usiku, na kengele ikamaliza ilipoachia: s, r m d. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tukuyu, aliamka akauliza kwa sauti, "Nani huyo?" Hakujibiwa. Akachukua mwiko na kukaa sebuleni mpaka alfajiri, na kesho yake aliniomba, kwa adabu zote za mkwe, kile kitu nikipeleke kazini.

Tangu hapo natumia betri ya volti 12.

Betri itadumu kiasi gani?

Ya ampea-saa 7, ile ya kwenye UPS, inatosha kabisa. Noti 16 za ampea 2 kwa sekunde 0.1 kila moja, na mota ampea 0.2 kwa sekunde 24: kwa makadirio wimbo mmoja unakula ampea-sekunde 8. Betri ina 25,200. Usiitoe zaidi ya nusu, bado una nyimbo 1,500. Kisola kidogo cha kuchajia kitarudisha kilichotumika.

Naweza kutumia mota ya kuzungushia sahani ya maikrowevu?

Mwendo wake unafaa sana: nyingi zimeandikwa 2.5/3, yaani kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka mara 2.5. Lakini nyingi zinakula volti 230 moja kwa moja, na kwa mpango wa ukanda nilioueleza, hiyo 230 itakwenda mpaka kwenye kitufe cha getini, mvua inanyesha, mgeni kavaa kandambili. Usifanye. Kuna zilizoandikwa volti 21 au 24, hizo sawa kwa transfoma. Vinginevyo agiza kimota cha giya cha volti 12 kutoka Kariakoo.

Mimi niko Tukuyu, mvua haziishi. Na dada yangu yuko Njombe.

Tukuyu adui ni unyevu. Kopa inavaa kutu ya kijani na noti zinaanza kupotea moja moja. Futa njia za ngoma kwa kitambaa chenye spiriti kila mwezi. Msasa ni wa dharura tu, maana unakula pini. Kitufe kikiingia maji kengele inaanza kupiga yenyewe, kwa hiyo kifunike kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani. Njombe adui ni baridi: grisi nzito inaganda asubuhi na wimbo unatoka kama wa msibani. Toa grisi, weka tone la mafuta ya cherehani.

Inapiga noti moja mara mbili.

Ulimi unadunda juu ya pini. Uongezee mkazo kidogo, au upinde ncha iwe butu. Ikiwa bado, angalia springi ya koili; ikilegea, kiini kinarudi nyuma, kinagonga bati la nyuma na kuja tena.

Na noti moja isipolia kabisa?

Kwa waya, gusisha ulimi na pini. Ikilia, safisha pini. Isipolia, pima koili.

Unaweza kuniwekea wimbo wa taifa?

Noti zake zinataka mabomba zaidi ya manne, hilo linawezekana. Tatizo ni wageni. Watu wazima watasimama wima getini kwako mpaka uishe, na wewe ndani unaona aibu kwenda kufungua kabla ya mwisho. Nimekataa mara mbili. Chagua pambio fupi, au nyimbo za watoto zenye do, re, mi na so. Ukitaka uhuru, weka mabomba manane ya skeli nzima na ufunge ngoma kwa skrubu moja, ili uweze kuichomoa na kuweka ya wimbo mwingine.

Kwa kanisa au shule je?

Kengele nzito ya shaba koili zangu hazitaitikisa. Inataka nyundo ya mota. Mabomba marefu yanawezekana: J.C. Deagan wa Chicago aliwauzia makanisa ya Marekani mabomba ya mnarani yanayogongwa kwa umeme zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kwa shule ninapenda zaidi ringi. Karibu kila shule ya huku ina ringi ya gari imening'inizwa mtini, na mwanafunzi wa zamu anaigonga kwa chuma. Ringi ya Fuso na ya gari dogo hazitoi sauti moja. Nimeshapata tatu kwenye chuma chakavu, zinakaribia mi, re na do, ingawa ile ya do iko chini kidogo na haikubali tupa. Natafuta ya so. Ukiwa nayo, kabla ya kuniletea igonge kwanza na unirekodie kwa simu.